Shahada ya Uuguzi Mtandaoni: Uliza Haya Kabla ya Kutuma Karo

Juzi tulikuwa Kimana siku ya soko. Tuliweka meza yetu kando ya duka la ajenti na kuanza kusaidia wateja wenye maswali. Wengi walileta yale ya kila siku: nimekosea nambari, nimesahau PIN, mbona kiwango changu cha mkopo kimeshuka? Kisha akaja dada mmoja akiwa bado amevaa sare. Ni muuguzi wa diploma katika kituo cha afya, na alikuwa ametoka zamu ya usiku. Swali lake lilikuwa fupi tu: "Nataka kulipa shilingi 15,000 za kujiunga na digrii. Nikituma, nitapata risiti?"

Tulimwomba atuonyeshe maelekezo aliyopewa. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp. Shahada ya uuguzi, yote mtandaoni, miezi kumi, hakuna kwenda darasani wala hospitali. Nafasi zinaisha leo jioni. Na pesa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Hakutuma. Alipiga simu kwa Baraza la Wauguzi akiwa pale pale mezani, akaambiwa kozi hiyo haimo kwenye orodha yao. Zile 15,000 zilikuwa pesa za vitunguu ambazo yeye na mume wake walikuwa wameziweka tangu wavune.

Sisi kazi yetu ni malipo. Hatuwezi kukuchagulia chuo. Lakini tunajua jambo moja: pesa ya simu huenda kwa sekunde chache, na kuirudisha ni shughuli. Ndiyo maana maswali yote huulizwa kabla ya kubonyeza tuma. Haya hapa matano, kwa kila muuguzi anayefikiria kuongeza masomo akiwa kazini.

Kwanza, kusoma ukiwa kazini si ulaghai

Tusiogopane. Wauguzi wa Kenya wamesoma kwa kompyuta kwa miaka mingi. Mwaka 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwatoa wauguzi wa cheti hadi diploma kupitia masomo ya mtandao. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000. Kuwaita wote darasani kungechukua miaka mingi sana, na zahanati zingebaki bila watu. Kwa hiyo muuguzi alibaki kazini kwake, akasoma nadharia kwa kompyuta, akafanya mazoezi katika hospitali iliyokubaliwa, kisha akakalia mtihani wa Baraza. Mpango huo ulifika hadi sehemu za mbali kama Garissa, Kakuma na Dadaab.

Angalia vizuri muundo huo: nadharia kwenye skrini, mazoezi wodini, mtihani kwa Baraza. Ukiletewa kozi ya uuguzi ambayo imeondoa hayo mawili ya mwisho, simama hapo hapo.

1. Je, Baraza linaitambua kozi hii?

Hapa Kenya huwezi kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi. Ni sheria. Kwa hiyo hata cheti kiwe kizuri namna gani, kama Baraza halikitambui hakitakusogeza popote. Baraza lina orodha ya vyuo na kozi ilizoziidhinisha. Iangalie mwenyewe, au piga simu uulize. Usitosheke na maneno ya "tumesajiliwa" kwenye bango.

Upande wa chuo chenyewe, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunayoiita CUE, ndiyo huangalia vyuo vikuu vyenye kibali. Unahitaji ndiyo mbili: chuo kiwe na kibali, na kozi ya uuguzi iwe imekubaliwa na Baraza. Ndiyo moja haitoshi. Kama chuo kiko nje ya nchi, uliza mapema shahada yake itatambuliwaje hapa nyumbani, kabla hujalipa hata shilingi.

Na wewe unayewaza kwenda kufanya kazi ng'ambo, hili linakuhusu zaidi. Nchi kama Uingereza huuliza Baraza la nyumbani kwako kama kweli umesajiliwa. Mambo yote yanarudi kwenye rejesta ile ile.

2. Mazoezi utayafanyia wapi?

Uuguzi ni kazi ya mikono. Huwezi kujifunza kumhudumia mama anayejifungua kwa kutazama video peke yake. Uliza: mazoezi ni wiki ngapi, katika hospitali gani, na nani atanisimamia? Naweza kufanyia karibu na kwangu, au lazima nihamie Nairobi?

Kwa mtu wa Kitengela, Nairobi ni matatu moja. Kwa mtu wa Kimana, ni kwenda mpaka Emali kwanza, ndipo ushike barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi. Kwenda na kurudi kunakula siku nzima. Ukiambiwa unahitajika darasani "mara chache tu kwa muhula", uliza mara chache ni siku ngapi, na ziandikwe kwenye barua.

3. Gharama yote ni kiasi gani?

Karo inayoandikwa kwenye tangazo ni mwanzo tu. Omba karatasi ya karo ya kozi nzima, kuanzia muhula wa kwanza hadi mahafali. Kisha ongeza yako: bando, nauli, malazi ya siku za mtihani, ada za Baraza, na pesa ya kumlipa wa kukuangalizia watoto.

Tufanye mfano. Muhula wa miezi minne, karo shilingi 48,000. Hiyo ni 12,000 kila mwezi kabla ya bando na nauli. Je, mshahara wako unaweza kuibeba bila kuanza kukopa kwa simu kila tarehe 20? Kama hauwezi, ongea na chuo kuhusu kulipa kwa awamu. HELB pia ina mkopo kwa watu walioajiriwa wanaoendelea na masomo, na unaweza kuulizia kwenye chama au sacco yako. Karo ya miaka miwili au mitatu usiipange kwa mikopo ya siku 30. Hiyo hata sisi tunaouza huduma za pesa tunakwambia.

Mtandao nao uuhesabu. Uliza kama unaweza kupakua masomo ukayasoma bila bando, na kama mtihani unafanywa nyumbani au kwenye kituo. Stima ikipotea katikati ya mtihani, chuo kina utaratibu gani?

4. Mwajiri wako anajua?

Tangu 2013 wauguzi wengi wa serikali wako chini ya kaunti. Shahada inaweza kukufungulia daraja la juu kuliko diploma, lakini haikupandishi yenyewe. Kupandishwa kunategemea nafasi na bajeti, na wapo waliosoma wakamaliza halafu wakangoja sana. Kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuanza, uliza kuhusu likizo ya masomo na siku za mazoezi, na uhifadhi nakala. Ongea pia na msimamizi wako wa zamu. Yeye ndiye atakayekupangia usiku au mchana wiki ya mtihani.

5. Pesa inaingia kwa jina la nani?

Sasa tumefika kwetu. Chuo halali hupokea karo kupitia akaunti ya benki au Paybill rasmi, si nambari ya simu ya mtu binafsi. Fanya hivi:

- Chukua nambari ya Paybill kutoka kwa barua ya kujiunga, uilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti rasmi ya chuo. Zikitofautiana, piga simu ofisi ya fedha.
- Kwenye akaunti, weka nambari jinsi chuo kilivyoelekeza. Herufi moja ikikosewa, karo yako inaweza kukaa bila mwenyewe.
- Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi, acha.
- Hifadhi ujumbe wa malipo, na uombe risiti ya chuo. Ujumbe wetu unaonyesha pesa imetoka. Risiti ya chuo inaonyesha wameiweka kwa jina lako.
- Umekosea? Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kisha kwa chuo. Usingoje kesho.
- PIN yako haiulizwi na chuo, na sisi pia hatuiulizi.

Na ukiambiwa nafasi zinaisha leo jioni, subiri mpaka kesho asubuhi. Chuo cha kweli bado kitakuwepo.

Yule dada wa Kimana bado hajaanza masomo. Tulipoongea naye wiki iliyopita alikuwa na majina ya vyuo viwili kutoka kwenye orodha ya Baraza, karatasi za karo za vyote viwili, na barua ya kuomba ruhusa iliyokuwa ikingoja sahihi. Zile 15,000 bado ziko kwenye akaunti yake ya akiba, na ameziongezea 4,000.

Unamjua muuguzi anayepanga kurudi shule? Mtumie makala haya kabla hajatuma karo.