Redio Ikinguruma, Tazama Nyaya za Fundi

Fundi wa kuchomelea vyuma mjini Juba mara nyingi hufanya kazi yake mlangoni pa nyumba za watu. Mbele yake limelazwa geti la mteja, nyuma yake inanguruma jenereta, na kando yake limo ndani ya sanduku la bati jambo la kujivunia: transfoma aliyoisuka kwa mikono yake mwenyewe, kwa shaba iliyotolewa katika mota kuukuu. Anapogusisha kijiti kwenye chuma, cheche huruka. Na katika nyumba ya pili, mzee aliyekuwa akisikiliza habari husikia mkwaruzo badala ya maneno. Kituo cha polisi kikiwa jirani, askari wa zamu naye aweza kupoteza nusu ya ujumbe utokao mbali kwa redio ya masafa mafupi. Huenda ujumbe huo ni wa kuomba gari la kubeba wagonjwa.

Wengi huilaumu transfoma kwa sababu haikutoka kiwandani. Lawama hiyo haina haki. Hata mashine iliyonunuliwa kwa fedha nyingi itawakera majirani ikiwa nyaya zake zimetandazwa ovyo.

Cheche ya umeme ni mtambo wa redio. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alipopokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza, chombo kilichoituma kilikuwa cha cheche. Fundi naye hutangaza vivyo hivyo pasipo kukusudia, na nyaya zake ndefu ndizo antena. Mawimbi yake hayachagui stesheni; hutapakaa zaidi katika masafa ya kati na mafupi. Vituo vya FM, kama Redio Miraya iliyoanza mwaka 2006, haviathiriki sana, kwa kuwa redio ya FM hufuata mabadiliko ya masafa ya wimbi wala si ukubwa wa nguvu zake. Zilizo korofi kupita zote ni zile mashine za gesi ya agoni ziwashazo mwako kwa umeme wa masafa ya juu, kabla ncha haijagusa chuma.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kijiti cha milimita 2.5 huhitaji ampia 60 hadi 90 hivi, na umeme wote uliokwenda kwa waya mmoja hauna budi kurudi kwa waya wa pili. Fundi akiutupa mmoja kulia na mwingine kushoto, huwa ameumba duara kubwa la antena, na kadiri duara linavyopanuka ndivyo kelele inavyozidi. Basi nyaya hizo mbili zilazwe bega kwa bega na kufungwa pamoja, ziwe fupi kadiri kazi inavyoruhusu, wala ziada isizungushwe kama kamba ya ng'ombe juu ya mashine. Kibano kikazwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, juu ya chuma kilichokwanguliwa kutu na rangi. Kukibana kwenye uzio wa bati, ati kwa kuwa nao ni chuma na umegusana na geti, ni uvivu unaowaletea wengine hasara.

Wapo mafundi waliopiga hatua zaidi, wakajitengenezea chaja za betri, au meza ya kukatia vyuma inayoendeshwa na mota na vifaa vya elektroniki. Hapo ghasia huwarudia wenyewe: mota hushtuka, namba hubadilika zenyewe, kazi ikaharibika. Vifaa hivyo vifungiwe katika sanduku la chuma lililofunikwa vema, na nyaya zake nyembamba zikae mbali na zile za kuchomelea. Ikiwa hapana budi zipitane, zikatane kama msalaba, zisifuatane.

Taa kufifia ni jambo jingine. Mwezi Novemba 2019 kituo kipya cha umeme kilizinduliwa Juba, kikianza na megawati 33, lakini jenereta hazikutoweka. Jenereta ndogo ikibebeshwa kazi ya kuchomelea pamoja na jokofu la nyumbani, nguvu hushuka kila kijiti kinapowaka, na mota ya jokofu huhangaika mpaka ikaungua. Stabilaiza haiwezi kuumba umeme ambao jenereta haina. Afadhali jokofu lichomolewe kwa muda huo, mlango wake usifunguliwe, au karakana iwe na jenereta yake.

Tahadhari moja haina mjadala. Wako wanaokata waya wa ardhini wa kifaa kwa sababu kelele ilipungua walipoukata. Waya huo ni kinga ya uhai. Umeme ukivuja ndani ya sanduku la chuma lisilo na waya huo, mtoto atakayeligusa ndiye atakayekuwa njia yake.

Kwa wenye magari, hasa madereva wa jeshi na polisi: kabla ya kuchomelea bodi au fremu, betri itenganishwe, na kibano kifungwe kando ya kazi, ili umeme usipite katika beringi wala katika vifaa vya elektroniki. Bei ya kompyuta ya gari ni kubwa kuliko ya bamba la chuma lililopasuka.

Nayo redio iliyokuwa ikilalamika yaweza kugeuzwa mpelelezi. Ichukuliwe ndogo ya betri, iwekwe masafa ya kati pasipo stesheni, kisha mtu aizungushe karakana fundi akiwa kazini, bila kuitazama cheche. Mngurumo ukizidi kando ya waya wa jenereta, ghasia inapita humo. Ukizidi kando ya nyaya za kuchomelea, zisogezwe pamoja, kibano kihamishwe, halafu mtu asikilize tena.