Kabla hujanunua gari kubwa, muulize anayekaa nyuma

Shemeji yangu ana duka la vitambaa Kariakoo, na kama Wachaga wengi wa Dar es Salaam, Krismasi haimkuti mjini. Miaka ya mwanzo alipanda basi kwenda Marangu, baadaye akanunua Noah, na mwaka jana biashara ilimwendea vizuri hata akafikia gari alilokuwa akilitazama kwa wenzake tu. Jioni moja akanipigia simu.

"Shemeji, nimeoneshwa magari mawili yadi. Range Rover Sport nyeusi na V8 nyeupe. Bei hazipishani sana, na fedha yangu ni ya moja. Njoo tuyaangalie wote."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Mtu akikosea kununua simu, mwezi ujao anaiuza, anakula hasara kidogo, maisha yanaendelea. Gari la aina hii linabeba akiba ya miaka. Nimewaona watu wazima wakiliegesha uani na kulifunika turubai, na wala halikuwa limekufa. Halikuwa gari lao tangu siku ya kwanza.

Mtaani magari haya tunayaweka fungu moja: ni makubwa, yako juu, ni ya wenye fedha. Ukisafiri nayo utaona ni koo mbili. Ukoo mmoja umetengenezwa kwa kumfikiria anayeshika usukani: Range Rover Sport, Porsche Cayenne, BMW X5. Ukoo wa pili umemfikiria abiria na mzigo wake: Land Cruiser, lile tulilokuwa tukiliita shangingi kabla ya kulibatiza V8, ndugu yake Lexus LX, Range Rover yenyewe ile kubwa, Mercedes GLS na BMW X7.

Zamani mgawanyiko huu haukuwapo. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na milango miwili na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji. Mwenye shamba Uingereza aliingia nayo matopeni asubuhi, akaisafisha, jioni akaenda nayo mjini. Mambo yalibadilika BMW walipoleta X5 mwaka 1999 na Porsche wakafuata na Cayenne mwaka 2002. Wanunuzi waligundua kwamba gari la juu linaweza kukata kona kama gari la chini. Land Rover walijibu mwaka 2005 kwa Range Rover Sport.

Jina hilo limewapoteza wengi. Sport ile ya kwanza haikuwa Range Rover iliyopunguzwa. Ilijengwa juu ya umbo la chini la Discovery 3, na ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili na nusu. Iliyofuata, ya mwaka 2013, ilipewa bodi ya alumini kama kaka yake mkubwa na ikapungua mamia ya kilo. Hiyo ndiyo iliyopanda mlima wa Pikes Peak kule Colorado, njia ya kilomita 20 yenye kona zaidi ya 150, kwa dakika 12 na sekunde 35. Kwa hiyo Sport ya 2012 na ya 2014 zikiwa zimesimama bega kwa bega yadi, usidhani zinapishana miaka miwili tu. Ni magari mawili tofauti.

Toyota wao walikwenda njia nyingine. Tangu Land Cruiser ya 80 iliyoanza kuuzwa takriban mwaka 1990 hadi ile ya 300 ya mwaka 2021, umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma umebaki uleule, milimita 2,850, na bodi imeendelea kukaa juu ya chesisi ya chuma kama lori. Hilo ndilo linaloifanya istahimili mateso ya barabara mbovu. Ndilo pia linaloifanya iyumbe ukikata kona kwa haraka.

Sasa nizungumzie barabara, kwa sababu yadi hakuna barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Unapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same. Kila kijiji kina kibao cha 50 na karibu kila kijiji kina matuta, na askari mwenye tochi unaweza kumkuta nyuma ya mwembe wowote. Gari linaloweza kufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tano litafanya kazi hiyo mara chache sana siku nzima.

Mara hizo chache, hata hivyo, zina maana, na sitaki mtu adhani naidharau Sport. Fikiria umekwama nyuma ya lori la saruji baada ya Segera. Unatoka kulipita, na mbele kuna basi linakuja. Wewe uko kwenye 100, basi liko kwenye 100. Kwa mwendo huo kila mmoja wenu anakula mita 28 kwa sekunde, maana yake mnakaribiana kwa mita 56 kila sekunde moja. Gari likikuokolea sekunde moja ya kukaa upande usio wako, limekupa mita 56 za uhai. Hapo nguvu ni usalama. Na ng'ombe akikatiza ghafla pale Makanya, gari la chini, lililokaza shokapu, litakwepa na kurudi njiani bila kulala upande. Shangingi litakwepa pia, lakini litachukua muda kutulia, na dereva aliyezoea gari dogo atashtuka. Anayelichagua lazima akubali kuendesha taratibu.

Upande wa pili wa jambo hilo nilijifunza usiku mmoja baada ya Mombo. Nilikuwa na rafiki yangu katika gari la ukoo wa spoti, kampuni yake siitaji. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Shimo lilikuwa dogo, la ukubwa wa sinia. Tulisikia mlio kama wa risasi, na tairi la mbele kushoto likapasuka ubavuni. Ndani ya buti tulikuta tairi la spea jembamba, lililoandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa. Tulijikokota nalo hadi Same. Asubuhi tukazunguka maduka yote ya matairi. Hakuna aliyekuwa na saizi ile, na wawili kati yao walisema hawajawahi kuiuza. Tairi lilinunuliwa Dar es Salaam, likapakiwa kwenye basi, likatufikia jioni.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachosoma kwenye gari ni ubavu wa tairi. Pale yadi nilimwita shemeji tuchuchumae wote. Sport ilikuwa na 275/40 R22. Namba ya kati ni asilimia: urefu wa ubavu wa mpira ni asilimia 40 ya milimita 275, yaani milimita 110. V8 ilikuwa na 285/60 R18, yaani milimita 171. Akaweka kiganja kwenye tairi la V8, kisha akakihamishia kwenye la Sport, na kidole gumba kikagusa rimu. Hakusema kitu. Tukasoma na tarehe: zile tarakimu nne ndani ya kiduara, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa limezeeka.

Ninayoyasema hayamaanishi kwamba Sport ni gari la lami tu. Anayesema hivyo hajaliendesha. Ukiliinua kwa mifuko yake ya upepo linapanda juu kuliko V8, na kwenye maji linapita mahali pa kina kuliko V8. Udhaifu wake uko kwenye mpira mwembamba na rimu kubwa ambazo sisi wenyewe tunazitaka kwa sababu zinapendeza. Kama moyo umeshaipenda Sport, tafuta yenye rimu za inchi 19 au 20 na injini ndogo, maana zile zenye injini kubwa zina breki kubwa ambazo rimu ndogo haiingii juu yake.

Na mifuko hiyo ya upepo, fundi mmoja alinionesha ugonjwa wake kwa namna ambayo sijaisahau. Alikuwa na chupa ya kunyunyizia, ndani yake maji na sabuni ya kufulia. Akajiingiza chini, karibu na tairi la nyuma la gari lililoletwa asubuhi likiwa limelalia upande mmoja, akanyunyizia mpira wa mfuko, akaniambia, "Kaa hapa uangalie, kaka." Baada ya dakika moja hivi, kwenye mkunjo wa mpira, viputo vidogo vikaanza kutoka kimoja kimoja. Tundu lenyewe huwezi kuliona. "Hili halimuumizi mtu," akasema. "Kinachomuumiza ni pampu. Upepo ukipungua pampu inawaka kujaza, ukipungua inawaka tena, mpaka inaungua. Mwenye gari anakuja kununua pampu, anaondoka na mfuko uleule unaovuja, baada ya miezi anarudi kununua pampu ya pili." Basi ukienda kununua gari la upepo, la ukoo wowote, omba liegeshwe usiku kucha na urudi kabla halijawashwa. Likiwa limeinama kona moja, umeshajua.

Kuna mengine ya yadi ambayo dalali hatakwambia, pengine kwa sababu hajui. V8 ya 200 iliyouzwa Japani kwenyewe ilikuwa ya petroli tu. Ukioneshwa ya dizeli, imetoka nchi nyingine, na historia yake itafutwe huko. Lexus LX 570 ilianza kuuzwa rasmi Japani mwaka 2015, kwa hiyo akikwambia "hii ni ya 2012, imetoka Japani", muulize vizuri. Dizeli za Ulaya za miaka hii zina chujio la moshi linalohitaji safari ndefu lipate joto na kujichoma uchafu. Gari hilo likiishi kwenye foleni ya Mwenge peke yake chujio litaziba. Na usitegemee injini ndogo ikupunguzie kodi ya kuingiza nchini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2,000 ni asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote, kwa hiyo lita tatu na lita 5.7 ziko kapu moja. Tofauti utaikuta kituo cha mafuta, kila wiki, kwa miaka yote utakayokaa nalo.

Kwa mtu anayeishi mwenyewe au na mwenzi wake, anayependa kuendesha, ambaye safari yake ni Masaki na Posta na mara moja moja Bagamoyo, ningesema bila kusita achukue Sport, au Cayenne akiiweza. Gari linaloitika mguu ni furaha halali, na mtu aliyehangaika ana haki ya kuifurahia. Shemeji si mtu huyo. Nilimwambia: kesho tuje na Mama.

Mama mkwe wangu anakaribia miaka themanini na magoti yamechoka. Alikuja na kanga zake mbili na mkoba, akasalimia wote pale yadi mmoja mmoja, ndipo akataka kuoneshwa mlango. Tulianza na V8. Aliweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya pembeni, akashika mshikio wa nguzoni, akajivuta, akashindwa. Akapumzika, akajaribu tena, mimi nikimshika kiwiko, akaingia. Kisha Sport. Kijana wa yadi akabonyeza kitufe, gari likashuka taratibu lenyewe, na Mama akakaa kwenye siti kama anayekaa kwenye kochi lake. "Hili lina adabu," akasema. Shemeji akanitazama. Nami nilikuwa nimekuja na hakika kwamba V8 itashinda hapo, nikabaki kimya.

Mama ndiye aliyeendelea. "Na watoto wanakaa wapi?"

Tukahesabu. Shemeji, mkewe, Mama, watoto watatu. Sita. Sport za umri ule zipo chache zenye viti viwili vidogo vya ziada nyuma. Hii haikuwa navyo. V8 ina siti ya tatu inayogawanyika mara mbili, kila nusu ikikunjwa inapanda kuning'inia ubavuni. Tulishusha nusu ya kulia, mjukuu mkubwa akakaa, magoti yakamkaribia kidevu kidogo lakini akatosha. Nusu ya kushoto tukaiacha juu, na pale chini pakabaki nafasi ya mabegi na gunia la mchele ambalo halijawahi kukosa safari hiyo.

"Mmoja asiende kwa basi," Mama akasema, akaanza kushuka.

Shemeji alilipia V8 wiki ile, baada ya fundi kuikagua. Desemba tuliongozana hadi Marangu, wao mbele, sisi nyuma na gari letu dogo. Ile sehemu ya mwisho, kuanzia lami inapoisha mpaka migombani kwao, mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa unateleza. Walipita taratibu, sisi tukaacha gari chini na kupanda kwa miguu. Tulipofika uani shemeji alikuwa ameshafungua buti. Alitoa kigoda cha mbao, kile kidogo cha jikoni, akakiweka chini ya mlango wa nyuma, akakikanyaga kwanza mwenyewe kuona kama kimetulia, ndipo akampa Mama mkono.