KUJIPIMA VIRUSI VYA UKIMWI: SABABU ZA KUKUBALIKA NA MIPAKA YAKE

Wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI waligunduliwa Zanzibar mwaka 1986. Kiwango cha maambukizo miongoni mwa wananchi kwa jumla ni chini ya asilimia 1. Hata hivyo, miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya na wanawake wanaofanya biashara ya ngono, kiwango hicho ni kikubwa mara nyingi zaidi, na si wepesi wa kufika vituoni kupimwa.

Sababu haiko mbali. Visiwani mtu hajulikani kwa jina lake tu, bali kwa ukoo wake, mtaa wake na shehia yake. Anayeketi kwenye benchi la chumba cha ushauri nasaha huenda akapokelewa na jirani au shemeji. Siri ya majibu hulindwa na mfanyakazi wa afya. Siri ya kuonekana pale haina mlinzi. Kwa mtu ambaye maisha yake tayari yananyooshewa kidole, hilo pekee latosha kumrudisha nyumbani.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wapewe nafasi ya kujipima wenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni kijiti kinachopitishwa mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, kisha hutiwa katika kichupa chenye maji maalumu. Majibu husomwa baada ya dakika 20, wala yasisomwe baada ya dakika 40. Ieleweke kwamba kijiti hakitafuti virusi mateni, wala mate hayaambukizi. Kinatafuta chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya virusi kuingia.

Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watu 283. Baada ya kuelezwa na kuonyeshwa, watu 260 walichagua kujipima, na takriban wote walisema kazi hiyo ni nyepesi sana. Pamoja na hayo, mmoja katika kila kumi alikosea hatua fulani. Tofauti hiyo kati ya kuona jambo ni jepesi na kulifanya sawasawa ndiyo inayotaka uangalifu, kwani anayejipima peke yake hana wa kumsahihisha.

Mwenye kuona mstari mmoja kwenye alama ya C hajaonekana kuwa na maambukizo. Lakini ikiwa alijiweka katika hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, hana budi kurudia baadaye. Mistari miwili, hata ule wa pili ukiwa hafifu, si hukumu: ni wito wa kwenda kituo cha afya kupimwa tena kwa vipimo vingine. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi asijipime kwa njia hii, kwani majibu yanaweza kumdanganya na akaacha dawa.

Huko Kisumu, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake waliopewa vipimo wakavipeleka nyumbani, wenza wao wapatao asilimia 91 walipimwa, dhidi ya asilimia 52 ya wenza wa wanawake waliopewa barua ya mwaliko. Ni faida kubwa. Lakini kijiti kinachoingia chumbani chaweza pia kutumiwa na mwenye nguvu kumlazimisha asiye na nguvu, na mwanamke anayehofia kupigwa asishurutishwe kukipeleka.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilirekebisha sheria mwezi Novemba 2019 na kuruhusu kujipima. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar inayo sheria yake kuhusu UKIMWI.

Wakuu wa idara na waajiri wanakumbushwa kwamba kujipima ni hiari. Asitakiwe mtumishi yeyote kujipima mbele ya mkuu wake, wala kuleta kijiti kilichotumika kuwa ushahidi. Aliyeona mistari miwili aende kituo chochote chenye huduma hiyo, hata kilicho mbali na mtaa wake; dawa hutolewa bila ya malipo.