Fahamu: Kwa nini samaki wa Ziwa Nyasa hufifia rangi taa ikibadilishwa?

Mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, hufugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani kwa sababu ya rangi zao. Mfugaji akibadilisha taa, dume la buluu linaweza kuonekana la kijivu papo hapo. Je, rangi imepotea?

Mara nyingi hapana. Njano na nyeusi zimo ndani ya chembe za ngozi, lakini buluu hutokana na fuwele ndogo sana zinazoakisi mwanga. Taa isiyotoa mwanga wa buluu wa kutosha huzinyima cha kuakisi. Hofu nayo huchangia: dume lililoshindwa na wenzake hufifia, likitulia hung'aa tena.

Ziwani, kinachoamua mwanga ni uwazi wa maji. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba Ziwa Viktoria lilipopungukiwa uwazi, samaki majike walishindwa kuwatambua madume wa aina yao kwa rangi, na spishi zikachanganyika. Nyasa isifike huko. Ndiyo maana nayathamini mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania: nyasi hupangwa miraba mlimani, hufunikwa udongo kuwa matuta, na mvua hutuama shimoni badala ya kusomba udongo kuelekea mitoni na kuyatia tope maji ya ziwa. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, kisha mahindi.