Samaki wa mapambo: Chujio likioshwa vibaya, mtaji huelea juu ya maji

KWA watu wengi wanaoanza biashara ya samaki wa mapambo, hasara kubwa haiji siku ya kwanza. Huja wiki ya pili au ya tatu. Tangi la kioo limepangwa vizuri, mimea imepandwa, taa inawaka na maji ni maangavu. Kisha asubuhi moja mwenye tangi anakuta samaki wanahema juu ya maji, na kufikia jioni nusu yao wamekufa.

Mara nyingi mnunuzi humlaumu muuzaji kwamba alimpa samaki wagonjwa. Muuzaji naye huyalaumu maji ya bomba. Lakini katika visa vingi kiini cha tatizo kimo ndani ya kile kiboksi cha plastiki kinachonguruma pembeni mwa tangi, yaani chujio. Ama ni jipya mno, ama ni dogo, ama limeoshwa kwa namna iliyoua kile kilichokuwa kikifanya kazi ndani yake.

Kwa mfanyabiashara hili si jambo dogo. Wateja wazuri wa matangi yenye samaki na mimea hai ni hoteli, zahanati, saluni na ofisi. Mteja wa aina hiyo akipoteza samaki mara mbili hanunui tena, na tangi lake hugeuka kuwa kabati la kuwekea makaratasi. Anayelijua chujio vizuri hulipwa mara mbili: anauza tangi, kisha analipwa kila mwezi kulihudumia.

Kinachofanyika ndani ya chujio

Wengi hudhani kazi ya chujio ni kunasa uchafu unaoonekana kwa macho. Hiyo ni kazi moja tu, tena ndiyo ndogo. Kazi kubwa ni kuondoa sumu isiyoonekana.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula na majani yaliyooza nayo hutoa amonia. Ziwani sumu hiyo hutawanyika, lakini katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Hapo ndipo bakteria wanapohitajika. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo mimea huitumia kama chakula.

Mkulima anayetumia samadi anaifahamu kazi hii. Samadi mbichi huunguza miche, lakini iliyoiva hustawisha. Katika udongo pia wapo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati. Ndani ya tangi ni kazi ileile, ila inafanyika kwenye sponji na changarawe.

Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Hujishika kwenye sponji, mawe na changarawe, na wanahitaji hewa ya oksijeni muda wote. Huongezeka polepole, kwa hiyo chujio jipya huchukua kati ya wiki 4 na 6 kukomaa. Anayejaza samaki siku ileile ya kununua tangi anawaweka mahali ambapo hakuna wa kuondoa sumu yao.

Kuna njia mbili za kupunguza hatari hiyo. Ya kwanza ni kupanda mimea mingi inayokua haraka tangu mwanzo, kwa sababu mimea hufyonza amonia moja kwa moja, kisha kuanza na samaki wachache na kuongeza kidogo kidogo. Ya pili ni kuhamisha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima. Mfanyabiashara makini huwa na sponji za ziada zinazofanya kazi katika matangi yake dukani. Kila anapouza tangi jipya, humpa mteja sponji moja iliyokwisha kukomaa, ikiwa imebebwa ndani ya maji. Sponji hiyo chafu ina thamani kuliko mpya iliyo kwenye pakiti.

Kuchagua aina ya chujio

Aina ya bei nafuu ni chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa. Hewa hupanda ndani ya bomba na kuvuta maji yapite kwenye sponji. Mkondo wake ni mpole na hauvuti vifaranga vya samaki, ndiyo maana wanaozalisha gapi na moli hulipenda. Kasoro yake ni kwamba huonekana ndani ya tangi na huchukua nafasi.

Aina ya pili ni chujio la ndani lenye pampu yake ya umeme, ambalo huzamishwa majini. Linafaa kwa matangi madogo na ya wastani. Mdomo wake wa kuvutia maji ufunikwe kwa sponji ili usinase majani na vifaranga.

Aina ya tatu huning'inizwa kwenye ukingo wa tangi. Ni rahisi kulisafisha bila kuvuruga mimea. Hata hivyo, kiwango cha maji kikishuka hupiga kelele, na baadhi yake hayavuti tena maji baada ya umeme kukatika mpaka yajazwe kwa mkono.

Aina ya nne ni chujio la nje, ambalo ni kopo kubwa linalowekwa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Hubeba sponji na mawe mengi, kwa hiyo lina nafasi kubwa ya bakteria. Kwa tangi kubwa lenye mimea ndilo bora, lakini ni la gharama na linahitaji uangalizi umeme unapokatika.

Lipo pia chujio linalofukiwa chini ya changarawe. Kwa tangi lenye mimea halifai. Mizizi na tope huziba matundu yake, na kulisafisha kunalazimu kung'oa kila kitu.

Hesabu kabla ya kununua

Mnunuzi apime tangi lake kwa sentimita. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji, kisha gawanya kwa 1,000 kupata lita. Tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha maji cha 40 lina lita 144.

Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni kwamba pampu ipitishe maji yote ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa. Kwa tangi hilo la lita 144, mara 5 ni lita 720 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa chujio likiwa tupu. Likijazwa sponji, kisha sponji zikishika uchafu, nguvu hupungua. Ni busara kuchagua lililozidi kidogo.

Nguvu ikizidi sana nayo ni tatizo. Majani ya mimea yanapaswa kuyumba taratibu, si kulala chini kama nyasi kwenye mafuriko. Mkondo uelekezwe kwenye urefu wa tangi ili usiache pembe zenye maji yaliyotuama.

Gharama ya umeme nayo ipigiwe hesabu. Pampu ya wati 15 inayofanya kazi saa 24 kwa siku 30 hutumia yuniti 10.8. Mfugaji mwenye matangi 10, kila moja likiwa na chujio la ndani la wati 6, hutumia yuniti 43.2 kwa mwezi. Akitumia pampu moja ya hewa ya wati 20 kuendesha machujio 10 ya sponji, hutumia yuniti 14.4. Kwa anayezalisha samaki wa kuuza, tofauti hiyo ni faida.

Vitu vya kuweka ndani

Maji yanayoingia yapite kwanza kwenye sponji yenye matundu makubwa, kisha yenye matundu madogo, halafu kwenye makazi ya bakteria. Madukani huuzwa vipande vya udongo wa kuchoma kwa kazi hiyo. Mbadala wake ni jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, lile linalotumika kusugulia visigino, likivunjwa vipande na kuoshwa vizuri.

Wakazi wa pwani wawe waangalifu na matumbawe na mawe ya chokaa. Huyeyuka polepole na kuongeza chokaa majini, jambo lisilofaa kwa mimea mingi na samaki wanaopenda maji laini. Dondosha siki juu ya jiwe. Likitoa povu, liache. Samaki wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa huyavumilia maji ya namna hiyo, ila wengi wao huchimba au kutafuna mimea.

Makaa maalumu yanayouzwa pamoja na baadhi ya machujio si ya lazima. Yanafaa zaidi kwa kuondoa dawa majini baada ya matibabu, kisha hutupwa.

Kuosha bila kuua

Hapa ndipo mtaji wa wengi hupotelea. Mtu huona sponji imekuwa ya kahawia, huipeleka bombani, huisugua kwa sabuni mpaka inang'aa. Kwa kufanya hivyo ameua bakteria aliowangojea kwa mwezi mzima. Klorini iliyomo katika maji ya bomba peke yake inatosha kuwadhuru, na sabuni ni sumu kwa samaki wenyewe.

Njia sahihi ni rahisi. Wakati wa kubadilisha maji, weka maji ya tangi kwenye ndoo. Ikamulie humo sponji mara kadhaa mpaka tope litoke, kisha irudishe. Haihitaji kuwa kama mpya. Kama chujio lina sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Usioshe chujio na kuchokoa changarawe siku moja.

Kwa tangi la kawaida, sponji huoshwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, lakini kipimo kizuri kuliko kalenda ni mkondo wenyewe: ukipungua, osha. Kila baada ya miezi miwili au mitatu fungua pampu na kusafisha kile kipangaboi kinachozunguka ndani, kwa mswaki wa zamani. Chujio linaloanza kukoroma mara nyingi lina ute au kokoto hapo, na kuendelea kulitumia hivyo huunguza mota.

Chujio haliondoi nitrati yote. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Kabla ya kutia mkono majini, chomoa nyaya zote za umeme. Waya wa pampu uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Umeme ukikatika

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzijoto 20 maji yasiyo na chumvi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini kwenye nyuzijoto 30 ni takriban 7.5. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Kwa hiyo katika miji yenye joto, umeme kukatika usiku ndiyo hatari kubwa zaidi kwa tangi lenye samaki wengi na mimea.

Umeme unapokatika, usilishe samaki. Kama wameanza kuhema juu, chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, au tumia pampu ndogo ya betri.

Chujio la nje huwa limefungwa, hivyo bakteria waliomo humaliza oksijeni, huanza kufa na maji hunuka. Umeme ukirudi, pampu huyasukuma maji hayo machafu moja kwa moja kwa samaki. Kama umekatika kwa saa kadhaa, fungua kopo, mwaga maji yake na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Chujio la sponji lililo wazi ndani ya tangi halina shida hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kulifikiria kwa maeneo ambayo umeme si wa uhakika.

Tope lina kazi shambani

Tope linalokamuliwa kutoka kwenye sponji ni mbolea. Likimwagwa kwenye bustani ya mchicha au matembele hufanya kazi nzuri, mradi tangi halijatiwa dawa wala chumvi. Lakini mimea iliyopunguzwa isitupwe mtoni wala kwenye mtaro. Gugu maji lililosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo.

Wafugaji wa perege na kambale wanaolea vifaranga ndani ya matangi nao wanaweza kutumia kanuni hizihizi, kwa kuwa amonia haichagui kati ya samaki wa mapambo na wa kitoweo.

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, tangi moja lenye mimea mingi, samaki wachache na machujio mawili ya sponji linatosha kumfundisha kazi. Baada ya miezi miwili atakuwa na sponji iliyokomaa ya kuanzishia tangi la pili, na mteja wake wa kwanza hatampigia simu wiki ya tatu kulalamika kwamba samaki wamekufa.