Bwana na Bibi katika Baridi ya Vienna

Ukisikia neno baridi huenda wakumbuka asubuhi za mwezi wa Julai kule Njombe au Lushoto, watu wamejifunika blanketi na kuota moto jikoni. Baridi hiyo ni baridi kweli, lakini ikifika saa tano jua limekwisha kuipunguza, nawe washika jembe lako. Vienna, mji mkuu wa nchi ya Austria, mambo ni mengine. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi, na mara baada ya saa kumi alasiri limetua. Siku nyingine halionekani kabisa kwa mawingu. Miti imepukutika majani yote, na maji ya madimbwi huganda yakawa barafu.

Basi, Noeli na Mwaka Mpya huangukia katikati ya giza hilo. Mume na mke wanaokaa huko wana njia mbili. Ya kwanza ni kujifungia ndani, kila mmoja na simu yake, mpaka wachoshane na kugombana kwa sababu ya neno dogo. Ya pili ni kutoka pamoja. Nataka kuwaeleza hiyo ya pili, kwa maana wako vijana wetu waliokwenda Ulaya kusoma au kufanya kazi, na wengine wameoana juzijuzi tu. Sikukuu ya kwanza mbali na nyumbani ni kipimo kikubwa kwa ndoa changa.

Tuanze na mavazi, maana anayetetemeka hafurahii kitu. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, kwa sababu hewa inayobaki katikati yake huzuia joto la mwili lisitoke. Viatu visibane, kwani damu isipofika vizuri vidole hufa ganzi. Tena soli iwe na meno. Barafu huteleza kuliko udongo wa mfinyanzi wakati wa masika, na njiani yafaa mume na mke washikane mikono, ili mmoja akiteleza mwenzake amzuie.

Sasa watoke waende wapi? Kuanzia katikati ya Novemba viwanja vya mji hujaa vibanda vya mbao, navyo huitwa masoko ya Noeli. Soko lijulikanalo zaidi liko mbele ya Rathaus, ndiyo nyumba ya baraza la mji, yenye mnara mrefu. Huuzwa mishumaa, vitu vya kuchezea watoto, na sanamu za pango la Bethlehemu zilizochongwa kwa mti. Taa hung'aa kila upande. Kuingia ni bure na kutazama ni bure, na mtu mwenye fedha kidogo hana haja ya kuona haya.

Harufu ya soko hilo ingekushangaza, msomaji, maana ni ya karafuu na mdalasini. Wenyeji huchemsha divai pamoja na viungo hivyo, ambavyo havikui kwao bali hutoka katika nchi za joto, kama vile Unguja na Pemba zitoavyo karafuu. Ukinunua kinywaji hicho walipa na amana ya kikombe, nawe ukikirudisha warudishiwa fedha yako. Lakini angalieni: divai humdanganya mnywaji. Yeye aona joto, kwa kuwa damu imekimbilia kwenye ngozi, kumbe joto la ndani ya mwili lazidi kupotea. Kikombe kimoja kwa wawili chatosha. Kando ya njia kuna wachomaji wa Maroni, ndizo njugu kubwa za mti, zenye utamu unaokaribia kiazi kitamu kilichochomwa. Mfuko mmoja wa karatasi hupasha mikono yote minne moto.

Miguu ikichoka, wapande tramu, yaani gari la reli ya barabarani. Njia kubwa iitwayo Ringstrasse, iliyofunguliwa na Kaisari Franz Joseph mwaka 1865 mahali palipokuwa na ngome za zamani, inapita mbele ya majumba mazuri ya mji. Ndani ya tramu mna joto. Wawili hukaa dirishani wakatazama taa na kuzungumza, na mazungumzo ya namna hii huenda ndiyo waliyoyakosa mwezi mzima kwa ajili ya kazi.

Tarehe 24 Desemba ni siku ya kuangaliwa sana. Mchana maduka hufungwa, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu ya taifa. Asiyenunua chakula mapema ataona taabu. Jioni mji huwa kimya. Wenyeji wako nyumbani kwao wakiwasha mti wa Noeli. Hakuna ngoma, hakuna jirani apigaye hodi na sahani mkononi. Hapo ndipo upweke humshika mgeni, na aliye mpweke huweza kumwona hata mwenzi wake kuwa ndiye aliyemleta katika mateso. Basi wapike pilau yao, na wamwalike mwanafunzi au mfanyakazi mwingine aliye peke yake. Kisha waende Misa ya usiku katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano. Kanisa hilo liliungua mwezi wa Aprili mwaka 1945, mwishoni mwa vita, na kengele yake kubwa, Pummerin, ikaanguka ikavunjika. Watu hawakuacha vipande vyake. Mwaka 1951 kengele mpya ilisubuwa kwa shaba ya ile ya zamani, yenye uzito wa tani 20 na zaidi.

Kengele hiyo haipigwi ovyo, lakini Mwaka Mpya ukiingia hupigwa, na sauti yake hupelekwa katika redio. Baada yake hupigwa muziki wa Johann Strauss juu ya mto Danube, uliosikiwa mara ya kwanza mwaka 1867. Hapo mabwana na mabibi, vijana na wazee, hushikana wakacheza dansi palepale barabarani, wamevaa makoti na kofia zao. Kwa hiyo dakika za kwanza za mwaka mume huzitumia akimtazama mkewe usoni.

Nasi tulio vijijini, tujiulize. Siku ya Noeli baba yuko kilabuni tangu mchana, mama yuko katika moshi wa jiko tangu alfajiri, na usiku wote wawili wamechoka. Nani amekula sikukuu na mwenziwe? Mwaka huu, baba, pasua kuni na uchote maji mapema, ili mama amalize kazi jua lingalipo. Kisha tokeni wawili mkawaamkie wazazi, mkipita njia ndefu.

Na kama una kijana huko Ulaya, mpigie simu siku hiyo. Kwetu ikiwa saa tatu usiku, Vienna ni saa moja. Usianze kwa kuuliza habari za fedha atakazotuma. Mwulize mkwe wako amevaa nini, wamekula nini, na kama leo wametoka nje wote wawili.