Mweupe kuliko nani?



Sisi tunaofundisha Kiswahili ughaibuni tunalijua vizuri lile somo la kueleza mtu alivyo: mrefu, mfupi, mnene, mwembamba, mweusi, mweupe. Mwanafunzi anakariri sifa kumi, anachora picha ya shangazi yake, basi, tunahamia somo la nyumba. Mimi nililifundisha hivyo miaka mingi, mpaka simu moja iliponifumbua macho.

Wakati huo nilikuwa Louisville, Kentucky, mji uliopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, nami nilikuwa mkalimani wa simu. Mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, alikuwa anatoa taarifa kwamba mwanawe wa miaka 9 hajarudi kutoka shule. Askari akauliza mtoto yukoje. Mama akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Iko mweupe, mufupi, iko na mwanya." Nikatafsiri neno kwa neno. Ule weupe ukatoka kwa neno lile ambalo Wamarekani hulitumia kwa Wazungu. Kimya kidogo, halafu askari akauliza kama mtoto ni wa kuasili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimempa mtoto asiyekuwepo amtafute.

Mtoto alipatikana kwa jirani jioni ile ile, alhamdulillahi. Lakini kosa lilikuwa langu, na nimelifikiria sana.

Tukisema Mwafrika fulani ni mweupe, hatutaji asili yake. Tunamlinganisha na walio karibu naye. Mweusi, maji ya kunde, mweupe: wote watatu wanaweza kuwa watoto wa tumbo moja. Mzungu ana jina lake, na jina hilo si la rangi. Fomu ya Kimarekani inauliza mtu yuko kundi gani. Kiswahili kinajibu yukoje kati ya wenzake. Kwa hiyo mkalimani asione haya kumrudia msemaji: mweupe kuliko nani? Mfupi kuliko nani?

Na mwanya je? Niliuruka kwa kukosa neno la haraka! Kumbe pengo lile katikati ya meno ya mbele, ambalo kwetu ni uzuri, lilikuwa alama bora kuliko zote alizotoa. Mama alikuwa anamsifu mwanawe na kumtambulisha kwa pumzi moja.

Kutoka Louisville nilihamia Columbus, Ohio. Huko kuna jamii kubwa ya Wasomali, wakiwemo Wabantu wa Somalia ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi mwaka 2003, baada ya miaka mingi kambini Kenya. Nilifundisha vijana jioni, mchanganyiko wa watu wa pwani na wa bara, wengi wao wamezaliwa hapa. Msamiati walikuwa nao. Kilichowashinda ni upatanisho. "Kijana kirefu", "kiongozi kinene". Sheria yenyewe mnaijua: kiumbe hai hufuata M-/WA- hata jina lake likianza na ki-. Kijana mrefu, kiongozi mnene, kipofu mmoja. Ukiuacha utaratibu huo kwa makusudi, umeshamshusha mtu: kijitu kifupi, jitu refu. Kwetu kiambishi kimoja chatosha kumtukana mtu bila kutumia tusi. Kijana mmoja alimwita bibi yake "kizee changu", akidhani anadekeza. Bibi alinuna wiki nzima. Mzee ni heshima. Kizee ni kitu kingine kabisa.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa anajifunza Kikornishi, lugha ya Cornwall iliyoanza kufufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, alifurahi kusikia hayo. Kwao pia sifa huja baada ya jina, na hubadilika mwanzoni mwa neno: mwanamume mkubwa ni den bras, mwanamke mkubwa ni benyn vras. Na badala ya kusema mtu anamiliki nywele nyeusi, wanaweza kusema nywele nyeusi ziko kwake, kama sisi tunavyosema "ana", yaani yu pamoja nazo.

Sasa niko Buffalo, New York, nakalimani kwenye zahanati, na huku somo limekuwa zito zaidi. Mzazi akisema "mtoto ni mwembamba", anaeleza umbile. Akisema "mtoto amekonda", anatoa habari: hakuwa hivi, kuna kitu kimempata. Mkalimani akiyatoa yote mawili kwa neno moja la Kiingereza, daktari hatajua kwamba uzito umepungua. Hali kadhalika "umenenepa", ambayo kwa wengi wetu ni pongezi, humfikia muuguzi kama lawama.

Kisha kuna ulemavu. Kiziwi, kiwete, kilema: tazama ki- hiyo ilivyojipanga. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema watu wenye ulemavu, na siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino, si zeruzeru. Lakini mama aliyetoka nyumbani miaka 30 iliyopita atamwita mwanawe kiziwi huku anamfuta machozi. Tusimkaripie. Kazi yetu ni kufikisha upendo wake pamoja na habari.

Kwa hiyo nimebadili somo langu. Mwanafunzi lazima aeleze mtu kwa njia tatu: ni (mrefu), ana (mwanya), ame- (amekonda, amevaa shati jekundu). Na kila sifa ya kulinganisha aifuatishe "kuliko". Hapo anaanza kumwona mtu, si orodha.

Nyie wenzangu mlioko Minneapolis, Leiden au Muscat, mnalifundishaje? Nawasilisha.